Risaga ya Linki

Mume wangu alikuwa mgeni aliyeletwa na dhahabu. Alitoka Tabora na begi moja, akaingia kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, huko Kewanja, Tarime. Jumapili alikuwa anarudi chumbani kwetu Nyamisangura na vumbi hadi kwenye kope. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu miaka ile alipewa nyundo.

Nililichukia lile shimo. Nikaanzisha blogu ya wageni kama yeye: wapi pa kulala, namna ya kuamkia wazee, jinsi ya kutambua dhahabu ya kuchovya. Matangazo yangetulipia chumba. Tukakubaliana kwamba siku mtu atakapotafuta habari za maisha ya Tarime mtandaoni na blogu yangu ikatokea ukurasa wa kwanza, yeye anaachana na shimo.

"Hata buti sitarudi kuchukua," alisema.

Basi nikajifunza habari za linki. Mwalimu mmoja wa mtandaoni alirudia mpaka akanichosha: tovuti inayoheshimika ikiwaelekeza wasomaji wake kwako, unapanda kwenye matokeo ya utafutaji, na linki moja ya namna hiyo inashinda mia za ovyo. Nikaandikia magazeti, vyuo, watu wa utalii. Kimya. Nikaandika tena kwa adabu, shikamoo juu ya shikamoo, na kimya kikaendelea. Nilishinda mbele ya kompyuta, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi, nikaona chumba kile kinazidi kuwa kidogo.

Binamu yangu wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, alinicheka. Yeye alikuwa na blogu ya mpira.

"Dada, unaomba watu baki na sisi tuko? Kidole kimoja hakivunji chawa. Tufanye risaga!"

Risaga ni kazi ya kulimiana: leo ndugu na majirani wote wako shambani kwako, kesho wewe na jembe lako uko kwao. Nani angekataa? Blogu ya mpira ikaweka linki yangu. Ukurasa wa kwaya ya mama mdogo ukaweka, na wa mjomba muuza ndama, na wa wifi msusi, hata wa binamu wa Machochwe aliyekuwa akiandika jinsi tembo wanavyomlia mahindi. Nami nikawarudishia wote, maana ndiyo zamu yenyewe.

Nikapanda kweli. Mume wangu akaanza kuulizia kazi ya dukani. Kisha asubuhi moja nikajitafuta, nikajikuta nimezama mbali kuliko nilikoanzia. Kwetu watu wengi wakiingia shambani kwako kwa pamoja ni heshima. Kwa mashine ya kutafutia mtandaoni ni njama. Ndama wanahusiana nini na wageni wa dhahabu? Mwalimu akanijibu kwa mkato kwamba niwaombe wote waondoe linki zao, kisha nitafute moja ya maana.

Niwaombe wote! Nimwambie mama mdogo kwamba kwaya yake imenichafua? Anayeng'oa kilichopandwa na ndugu zake, siku yake ya shida atalima peke yake. Nikizitoa nimejitenga na ukoo, nisipozitoa mume wangu anabaki chini shimoni. Niliwakasirikia wote, na wema wao nikaukasirikia pia. Mwisho nikamchagua mume. Nikashika simu ili nianze na binamu wa Isebania.

Ikaita mkononi kabla sijabonyeza. Alikuwa mchimbaji mwenzake.

"Shemeji, duara limetitia. Jamaa yuko ndani. Tunamsikia akigonga."

Nikampigia binamu nikilia, na ya linki sikuyakumbuka. Walikuja. Yeye na vijana wa Isebania walikuja kwa pikipiki, wa Machochwe akaacha mahindi yake kwa tembo, mjomba akatoka mnadani na ndama hawajauzwa. Wakaingia na majembe na ndoo, wakipokezana udongo mkono kwa mkono, aliyechoka anatoka na mwingine anaingia. Mama mdogo alinishika mkono akaimba zile nyimbo za kwaya, polepole, mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake wakamtoa, mguu umevunjika, yuko hai, anauliza ni akina nani hao waliokuja.

Binamu akakaa kando yangu, tope hadi mabegani.

"Na ile blogu, dada? Linki zetu bado zinasaidia?"

"Zinasaidia sana," nikasema.

Mguu ulipopona, mume wangu aliniuliza tuko ukurasa wa ngapi. Nikamwambia ukweli, kwamba bado tumezama. Akaenda nyuma ya mlango, akachukua buti zake, akarudi kuchimba. Linki zile zipo mpaka leo, zote.