Ndoo za Ludara

Shukrani ya punda ni mateke, na Hajji Hakim wa Arua alimpiga Zulaika teke lake mchana kweupe, mbele ya wafanyakazi wote. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Alimsimamisha mpwa wake Swaib, aliyerudi kutoka Kampala na diploma ya biashara, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo Swaib ndiye meneja wa ununuzi. Zulaika, aliyemnunulia asali kijiji kwa kijiji kwa miaka kumi na sita akiichagua kwa kunusa, angekaa dukani kubandika lebo kwenye chupa.

"Zulaika iko na pua mzuri," Hajji akasema, "lakini pua haina cheti."

Watu wakacheka kwa sababu bosi alicheka. Zulaika naye akacheka. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko teke lenyewe, kwamba na yeye meno yalitoka nje pamoja na ya wenzake.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, Mnubi wa Koboko, wa ukoo wa askari tangu babu wa babu. Kwao tusi hurithiwa kama shamba. Basi akabandika lebo, siku baada ya siku, na kila lebo aliipiga kofi kali kidogo kuliko ilivyohitaji.

Kwamba ataacha kazi hiyo, aliamua wiki ya kwanza. Ataenda kufanya nini, hapo ndipo kila mtu alikuwa na ushauri. Kaka yake Sule alimwambia afungue kibanda cha muda wa simu. Shangazi Ruqaiya alisema mwanamke wa umri huo hutulia, habadilishi kazi kama msichana anayebadilisha kitambaa cha kichwa. Mwingine akamshauri ajifunze kushona. Zulaika alilifikiria la kushona kwa moyo mmoja, halafu akaliacha. Cherehani ingemlisha, sawa, lakini isingemkalisha Hajji Hakim chini akishika kichwa. Alitaka kazi itakayofanya yote mawili, na kazi ya namna hiyo duniani ilikuwa moja tu: asali, asali ileile, kutoka kwa wafugaji walewale.

Akapanga kama mtu anayepanga harusi ya adui. Chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake Koboko kilipigwa sakafu ya saruji. Alinunua vitambaa vya kuchujia, akanunua ndoo nyeupe sitini zenye vifuniko na kuzichora mstari wa buluu. Kila Ijumaa baada ya swala alizunguka Arua kimyakimya kuongea na wenye hoteli mbili, mwoka mikate mmoja, na akina mama wanaopika vitamu vya harusi. Wote walisema ndiyo, akileta asali isiyonuka moshi. Barua ya kuacha kazi alikuwa ameshaiandika na kuikunja ndani ya mkoba. Kilichobaki kilikuwa asali yenyewe.

Mwezi wa kwanza akaomba ruhusa ya siku tatu, akapanda boda hadi Ludara, kwa Agnes Keji, mama wa Kikakwa mwenye mizinga arobaini na sauti ambayo wafugaji wote wa upande ule huisikiliza. Wanaosema fuata nyuki ule asali hawajawahi kuwafuata nyuki Ludara. Zulaika alieleza mpango wake wote. Agnes Keji alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha kwa kidevu pembe ya nyumba, ambako ndoo tatu zenye mstari mwekundu zilikuwa zimefunikwa kwa kanga safi.

"Ndoo ya Hajji iko hapa," akasema. "Wewe mwenyewe ulileta. Wewe mwenyewe ulisema, ndoo ikikuwa ndani ya nyumba, asali iko ya mwenye ndoo. Sasa unataka mimi nikuwe mutu gani, binti yangu?"

Zulaika akazitazama ndoo zile. Desturi hiyo alikuwa ameianzisha yeye. Zamani wanunuzi waligombania asali mlangoni, na mfugaji mmoja angeiuza mara mbili, hadi watu wakatoana damu. Ndipo yeye akaanza kuacha ndoo iliyooshwa katika kila nyumba miezi sita kabla ya mavuno. Ndoo ikikaa, ahadi imekaa. Mnunuzi akiichukua tupu, amekuachia asali yako, umpe umtakaye. Ludara nzima ilikuwa imelishika hilo kama dini, na sasa kamba aliyoisokota mwenyewe ilikuwa imemfunga miguu.

Njiani kurudi alifikiria uongo. Angeweza kusema Hajji amefilisika au amekufa, na kwa kweli wazo la kumuua Hajji kwa maneno lilimpa raha kuanzia Ludara hadi Koboko. Lakini uongo ukigundulika Ludara, hakuna atakayemwachia hata nta. Akarudi kwenye lebo zake akiwa na hasira iliyokosa pa kutokea. Mavuno yalikuwa mwezi wa nne. Yakimpita, ndoo zake sitini zitakuwa za kutekea maji, na yeye atazeeka akipiga makofi chupa za Hajji.

Halafu mwezi wa pili Swaib akaitisha mkutano. Alikuwa na mpango kwenye karatasi. Ndoo zote zilizotapakaa vijijini zingekusanywa wiki hiyo kwa pikapu, ziletwe Arua, zipewe namba na nembo mpya ya kampuni, kisha zirudishwe mavuno yakianza. Mali ya kampuni haiwezi kulala majumbani mwa watu bila namba, alisema. Hajji akaitikia kwa kichwa, kwa furaha ya mjomba.

Zulaika alikuwa ameshika lebo kidoleni. Ulimi ulimwasha. Neno moja lingetosha, na miaka kumi na sita ya mazoea ilikuwa inalisukuma litoke.

Hajji akauliza kama kuna mwenye neno. Macho yake yakapita kwa kila mtu, yakafika kwa Zulaika, yakapita pia bila kusimama, kama yanavyopita kwenye kabati.

Akaibandika lebo. Saa sita mchana akaacha barua juu ya meza ya karani, akaenda Koboko.

Pikapu ilizunguka Ludara siku mbili. Yeye na boda yake walikuwa nyuma. Kwenye kila nyumba alisubiri vumbi litulie, ndipo akabisha hodi na ndoo za buluu. Kwa Agnes Keji alimkuta mama mwenyewe amesimama mlangoni, uso umemvimba kwa kuachwa.

"Ulijua hawa wanakuja kuchukua?"

"Nilijua, mama."

"Na hukuwaambia hii ndoo iko na maana gani?"

"Nilinyamaza," Zulaika akasema, na hakuinamisha macho.

 Agnes Keji akatoka mlangoni ili ampishe. Hadi jua linazama siku ya pili, ndoo zote sitini zilikuwa zimepata nyumba, na Zulaika alikula chakula chake kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu mwezi wa kumi na moja.

Mwezi wa nne ndoo za Swaib zilirudi Arua tupu, kila moja na namba yake. Wiki iliyofuata Hajji Hakim akaja Koboko mwenyewe. Alikuwa na wateja wanaosubiri, hakuwa na asali, akaomba anunue. Zulaika alimpa kiti na chai, kwa maana adabu ni adabu, kisha akamfungulia ndoo nane kwenye chumba cha mbele.

Mzee akachovya kidole katika ya kwanza, akalamba. Akachovya ya pili. Akafika ya nane, akarudi ya kwanza, na jasho likaanza kumtoka. Hakuweza kutofautisha. Maisha yake yote ya asali alikuwa hajaonja, alikuwa anaambiwa.

"Zulaika," akasema kwa sauti ya chini, "niambie gani iko mzuri."

Zulaika akavifunga vifuniko kimoja kimoja, polepole.

"Asali iko ya kuuza, Hajji," akasema. "Pua mimi hapana uza."