Leso ya Dama kwenye Tamasha la Katuni

Kwa miaka mitatu Dama, karani wa ofisi moja ya Mbaraki, alichora kitabu cha katuni: shujaa wa kike aliyeibuka kwenye jaa la Kibarani. Sasa alikuwa akikiuza kwenye tamasha la katuni, juu ya meza aliyoitandika leso mpya. Siku mbili nzima, vijana waliojivika ngao za maboksi walikisoma mpaka mwisho wakiwa wamesimama, wakamrudishia. "Mashallah, una kipaji!" Wakaenda zao.

Jumapili alasiri mama mmoja wa makamo akavisukuma vitabu kando kama makombo, akainama kusoma maandishi ya leso. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Mwanangu, maneno haya ndiyo ninayomtafutia jirani yangu! Na mwenziwe yuko wapi?"

Leso huuzwa mbili mbili, na ya pili Dama alikuwa amejifunga kiunoni. Akaifungua, akapokea pesa.

"Nifungie vizuri, asiisome kabla sijaivaa."

Dama hakuwa na karatasi nyingine. Hivyo ndivyo shujaa wa Kibarani alivyotoka ukumbini hatimaye: amechanwa kurasa kurasa, anafungia kijembe cha mtu mwingine.