Rangi ya portail ya Mama Kavira

Mama Kavira, jirani yangu hapa Butembo, aliweka portail nyekundu ya chuma ku mulango ya kiwanja yake, na tangu siku ile bugali haikupita tena mu koo yangu. Nikaenda ku bureau ya commune kumushitaki, eti amejenga mu servitude, ile nafasi ya pembeni ya barabara yenye mutu hapana kujenga.

Agent wa bureau akakuja na mètre ya kupimia. Majirani bote bakatoka kuangalia. Akapima portail: iko sawa. Akaendelea mpaka ku jikoni yangu, maharagi ingali ku moto.

«Mais mama, ni yako yenye iko mu servitude. Itabomolewa.»

Akatafuta rangi ya kuchora musalaba ya kubomoa ku ukuta ya jikoni, ilikuwa imeisha. Mama Kavira akakimbia kwake:

«Ngoja, papa agent, ya portail yangu ilibakia!»

Donc sasa na mimi niko nayo, ile nyekundu.