Chupa ya Hewa ya Ngando

Hapa Kabondo, Kisangani, ukiuliza nyumba ya Asumani, watu watakutazama kama umeuliza nyumba ya upepo. Uliza ya Ngando. Ngando ni mamba, na jina hilo alilipata kwa sababu anazama upande huu wa mto na kuibukia upande ule, na wakati huo wote wewe uliye juu ya mtumbwi umekwisha kumwombea rehema mara mbili.

Kazi yake ni kupiga mbizi. Mashine ya boti ikianguka mtoni, anaitwa Ngando. Funguo za ghala, Ngando. Siku moja ilikuwa kengele nzima ya kanisa iliyokuwa inavushwa kwenda Lubunga, na Mwislamu wetu akaenda kuitoa matopeni huku Wakristo wakimwimbia kutoka ukingoni. Ufundi huo alifundishwa na Mbelgiji mmoja aliyekuja kuinua tishari lililozama. Mbelgiji alipoondoka alimwachia urithi: nguo ya mpira, mapezi ya miguu, miwani ya maji, kipumulio cha kutia mdomoni, na chupa ya hewa, chuma kitupu, rangi ya manjano, kimo cha mtoto wa miaka miwili. Asumani anasema Mbelgiji alilia siku ya kuagana. Aïcha mkewe anasema Mbelgiji alikuwa na mafua.

Bon. Mwaka huu ujumbe ukaingia kwenye simu kutoka Kinshasa. Kampuni moja ya kuinua vyombo vilivyozama ilitaka mpiga mbizi wa kudumu, mwenye mshahara kila mwezi. Afike kwa jaribio Jumatano saa mbili asubuhi, na kipumulio chake na miwani yake. Chupa zipo kule kule. Asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine. Asumani ana miaka arobaini na sita, na mto haumpi mtu pensheni. Alijua ujumbe wa namna ile hauji mara mbili. Akanunua tiketi ya ndege ya Jumanne. Iliyofuata ilikuwa ya Ijumaa.

Kuanzia hapo mtaa haukulala kwa masomo. Asumani alitandika kila kitu uani kama muuza mitumba, akaeleza kwa sauti ya kufika barabarani jinsi vyombo vya mbizi vinavyosafirishwa. Vyuma vizito vya kiunoni vinabaki, Kinshasa nayo ina mawe. Kisu kinaingia kwenye mzigo wa chini. Taa ya majini inatolewa betri, isije ikajiwasha yenyewe na kuunguza nguo angani. Kipumulio ndicho roho ya mtu, hakitupwi kwa wabeba mizigo. Kinapanda na mwenyewe, mapajani. Osée jirani, ambaye mashine yake ya boti ilikuwa imeanguka majini Jumapili, alikuja Jumatatu kumwomba azame mara moja tu. Asumani akakataa: mtu aliyezama lazima akae siku nzima kabla ya kupanda ndege, maana damu yake inakuwa kama Fanta iliyotikiswa, na kule juu ndiko inakofunguliwa. Osée akaenda akisema Ngando amekuwa bwana mkubwa, sasa anaogopa maji.

Ilibaki chupa. Aïcha alimkumbusha kwamba ujumbe ulisema chupa zipo. Asumani akajibu kwamba zipo, ndiyo, lakini si za manjano. Ukweli ni kwamba wiki nzima alikuwa amewaambia watu wa sokoni kuwa Kinshasa wanamwita yeye pamoja na chupa yake, na sasa angetokaje mtaani mikono mitupu? Akapiga simu kiwanja cha ndege. Wakamwambia chupa inapanda ikiwa tu haina kitu ndani, na kichwa chake, ile koki ya juu, kimefunguliwa, ili mkaguzi achungulie. Basi akaitoa hewa yote, ikapiga mluzi mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Akafungua kichwa, akaziba tundu kwa kitambaa safi na plastiki, vumbi lisiingie. Akaipima kwenye mizani ya muuza mchele: kilo kumi na tano. Akalala akikoroma kama mtu aliyeajiriwa.

Sasa hapo nyumbani kuna Mama Nyota, mama mzaa Aïcha. Mama huyu katika maisha yake hajawahi kurudisha sahani ya mtu ikiwa tupu. Ukimpelekea pondu, kisamvu chetu, sahani inarudi na ndizi, au na chumvi, walau. Na ana binti mdogo, Safi, aliyeolewa Kinshasa, ambaye kila akipiga simu analalamika kwamba mawese ya kule ni maji yaliyopakwa rangi. Alfajiri ya Jumanne, Asumani akiwa msikitini, Mama Nyota alipita uani akaona chombo kikubwa, kizuri, kimesimama mlangoni tayari kwa safari. Akakigonga. Kikalia kitupu. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mkwewe aende kwa watu na chombo kitupu, mtu wa kutoka Kisangani kwenye mawese mekundu kama jua? Akaleta bidoni yake, lile dumu la mawese, na mrija wa kumiminia. Kisha akarudisha kitambaa na plastiki vilevile, kwa adabu.

Ungesema Asumani angeona uzito. Angeuonea wapi? Kwetu msafiri hashiki mzigo wake siku ya kuondoka. Ukiubeba mwenyewe unaambiwa umefukuzwa. Chupa ilibebwa na shemeji wawili, ikafungwa nyuma ya pikipiki moja, na Asumani akapanda nyingine, kipumulio kifuani. Walizunguka sokoni kwanza, ingawa sokoni si njia ya kwenda kiwanja cha ndege cha Bangboka.

Kwenye kiwanja mbeba mizigo aliipandisha chupa kwenye mizani akiguna. Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, jina lake Chimène, kucha ndefu, macho ya kuhesabu. Mizani ikasema kilo ishirini na sita.

Asumani akacheka kwa upole, kicheko cha mwenye elimu. Akaeleza, na watu walio kwenye foleni wasikie, kwamba chupa ni kilo kumi na tano, na kwamba mizani ikizeeka inapata kiburi. Chimène akauliza ndani mna nini.

"Hamuna kitu, mama. Hata hewa hamuna. Miye ni fundi."

"Alors, fungua tuone."

Akaondoa kitambaa kwa ncha za vidole, kama mganga, akaiinamisha chupa ili aonyeshe utupu wake. Kwanza hakikutoka kitu, maana mawese ya asubuhi ni mazito. Kisha yakaja. Yalikuja taratibu, mekundu, yakapita mezani, yakashuka, yakamlowesha Asumani kiatu cha kulia, kile cha jaribio. Foleni nzima ikarefusha shingo. Mzee mmoja nyuma akanusa akasema hayo ni ya Yanonge, hayana mchezo.

Asumani aliisimamisha chupa, akapiga simu nyumbani.

"Mama, ulitia nini mu chupa yangu?"

"Mafuta ya Safi," akasema Mama Nyota, anafurahi. "Nilijua utasahau. Chombo haiendaka bule kwa watu, mwanangu."

Alitaka kusema mengi, lakini mama mkwe hasemwi. Akasema asante, Mama.

Chimène hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akamwambia chupa haipandi: haiko tupu, haionekani ndani, na dirisha linafungwa baada ya dakika kumi. Kama anataka kuimwaga na kuiosha, bomba liko nje, ndege haitamngoja.

Maji yakamfika Asumani shingoni, yeye aliyezoea yafike juu ya kichwa. Alijua kwamba chupa iliyoonja mafuta haipumuliwi tena mpaka mafundi waioshe kwa dawa. Hata akiifikisha Kinshasa itakuwa pambo. Lakini sokoni walikwisha kuiona ikipita. Ikirudi leo kwenye pikipiki, jioni watakuwa na wimbo. Akaitazama chupa, akakitazama kipumulio kifuani mwake. Mwenye pikipiki, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni akifurahia, alimtolea mkono wa kusaidia. Na Asumani akainua chupa mwenyewe, kilo zake zote, akampa.

"Rudisha kwa Mama. Umuambie Safi atapata siku ingine. Na usipite sokoni."

Huyo alipita sokoni, bila shaka. Alipita mara mbili.

Jumatano saa mbili kasoro Asumani alikuwa bandarini Kinshasa, kiatu kimoja chekundu na kimoja cheusi, kipumulio mkononi. Watu wa kampuni wakamfunga chupa ya kijivu mgongoni, wakamtupa kwenye maji meusi kama kahawa, atafute mnyororo. Wapiga mbizi wawili waliotangulia kujaribiwa walikuwa wamepanda bila kitu, wakilalamika kwamba chini hakuonekani. Chini kwetu kunaonekana tangu lini? Ngando alifumba macho kama kawaida yake, akapapasa, akapanda na mnyororo na, kwa kuongezea, sufuria ya mtu. Mkubwa akaandika jina lake hapo hapo.

Akapiga simu. Nyumba nzima ilikuwa kwenye spika, mpaka Osée. Wakapiga vigelegele. Aïcha akauliza amekula nini. Kisha Mama Nyota akaomba simu, kwa sababu kuna jambo lililokuwa linamsumbua tangu jana.

"Hiyo chupa walikupatia kule. Ndani mulikuwa nini?"

"Hewa, Mama."

Mama Nyota akaguna kwa huruma.

"Hewa tu," akasema. "Haizuru. Watazoea kupokea wageni, polepole."

Chupa ya manjano sasa imesimama jikoni Kabondo, nusu imejaa, na mawese yake, wanasema walioonja, hayana mfano.