Ndoo Iliyojaa Kikombe kwa Kikombe

Belo la mitumba likifunguliwa hutoa harufu yake peke yake: dawa ya nondo, jasho la zamani la watu usiowajua, na ubaridi wa ghala la mbali. Hata leo nikipita penye wauza nguo na harufu hiyo ikanifikia, narudi Itigi, uani kwetu, nikimwona baba akikata kamba za belo lake huku sisi watoto tumekatazwa kugusa kitu. Alikuwa ameachishwa kazi ya reli pamoja na wenzake. Biashara zilikuwa zimeruhusiwa kila mahali, naye katika utu uzima wake akajifunza kutandaza makoti chini na kuita wateja kwa sauti aliyoionea aibu.

Kutoka ndani ya koti moja zito, lisilo na kazi katika jua la kwetu, kilidondoka kitabu. Kilikuwa cha Kiingereza, na kilimfundisha mtu asiyewahi kunyanyua chuma namna ya kuanza kujenga nguvu. Karibu kila ukurasa ulikuwa na picha ya mwanamume mwenye kaptura tu mwilini. Bibi, mama yake baba, aliitazama misuli yake kwa muda mrefu, kisha akauliza kama yule bwana aliwahi kupata tiba ya uvimbe ule. Mama alikivika kitabu jalada la gazeti kwa heshima ya nyumba, akanipa mimi, msichana niliyekuwa nikisoma kila kitu, hata maandishi ya magunia.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Lakini kabla ya hapo niliugua homa iliyonikausha hata watoto wa jirani wakaniita Njiti, na tulikuwa tumesikia kwamba katika shule ile kila mwanafunzi hujibebea maji. Mimi sikuweza kubeba hata nusu ndoo. Baba hakupandisha sauti. Alisema hawezi kumpeleka mtoto mahali ambako atarudishwa juu ya machela. Nikiweza kutoka kisimani hadi nyumbani na ndoo iliyojaa, bila kuitua njiani, nitakwenda. Nisipoweza, nitabaki, kama alivyobaki dada yangu Tatu, ambaye jina lake halikutoka kwenye orodha ya waliochaguliwa.

Nilikisoma kitabu kwa kamusi niliyoazima kwa mwalimu, nikielewa neno hapa, nikikisia sentensi pale. Nilichoambulia ni hiki: anza na uzito unaoumudu bila kutetemeka, ongeza kidogo sana kila mara, na ukishafanya kazi leo, kesho pumzika, kwa maana mwili hujijenga ukiwa umetulia. Kilidai pia mayai, lakini Bibi alishikilia kwamba msichana hali mayai, na katika hilo kitabu kilishindwa. Chuma hatukuwa nacho. Tulikuwa na kisima, ndoo na kikombe cha bati. Nilianza na maji ya kufunika tako la ndoo, na kila nilipokwenda tena niliongeza kikombe kimoja.

Wanawake wa kisimani waliona hii ni burudani. Mmoja aliniuliza, kwa upole wa kuchoma, kama nyumbani kwetu tulikuwa tunanywesha vifaranga. Tatu, ambaye ndiye aliyenitwika ndoo kichwani, hakunitetea. Alikuwa wa kwanza kucheka.

“Taratibu, msomi,” alisema. “Ukikimwaga hicho kikombe, kitabu kitanuna.”

Siku za kupumzika nililala mkekani nikijisikia kabisa kwamba nakua. Bibi alipita akasema hajawahi kuona uvivu uliopigwa chapa. Lakini vikombe viliongezeka. Ndoo ilifika nusu, ikapita nusu, na mchanga wa njiani, ambao zamani ulininyonya miguu, ukaanza kuniachia.

Asubuhi ya jaribio Tatu alijaza ndoo hadi ukingoni, akaweka jani lielee juu ya maji ili yasiruke, akanitwika juu ya ngata. Alinifuata nyuma, na ndoo yake mwenyewe kichwani. Tulipopita nusu ya njia nikamwita bila kugeuka.

“Shingo inaungua, dada.”

“Acha iungue. Sijaona moshi.”

Nilifika uani. Hapo niligundua kwamba kitabu hakikuwa kimenifundisha namna ya kuishusha ndoo iliyo kichwani, kazi ambayo kwetu haifanywi na mtu mmoja. Mama alikuwa ameshainuka. Baba akamtangulia. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume akimtua mtu maji. Naye hakujua, akaikamata vibaya, na maji yakamlowesha kifua chote.

“Utakwenda,” alisema, akiwa bado ameishika.

Nilikwenda, na baada ya sekondari nikafika chuo kikuu. Huko kulikuwa na chumba cha vijana wa kunyanyua vyuma. Siku moja nilimwona mmoja akitua chuma chake sakafuni na kwenda zake kupumzika. Chuma kilibaki palepale, hakuna aliyekihitaji. Uzito wangu mimi ulikuwa maji ya kunywa, ya kupikia na ya kumwogesha Bibi, na sikumbuki hata siku moja ambayo nyumba yetu ililala bila maji.

Likizo ilipofika nilimkuta Tatu kwenye mashine yake ya kukamua alizeti, mikono imeng’aa kwa mafuta. Nilimuuliza ni nani aliyekuwa akibeba sehemu yangu siku zile nilizopumzika.

“Kwani ulidhani kisima nacho kilikuwa kinapumzika?”

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alifuta mikono kwenye khanga bila haraka.

“Ungejua, ungebeba. Ungebeba, ungeanguka. Ungeanguka, ungebaki hapa unanisumbua na Kiingereza chako.”

Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba nilijifunza nguvu kutoka kitabuni, na kwa sehemu ni kweli. Lakini kitabu kiliandikwa kwa mtu ambaye akipumzika, mzigo humsubiri. Mimi nilipewa muda wa kuwa dhaifu, na aliyenipa alikuwa msichana aliyenizidi umri kidogo tu, aliyekuwa na kila sababu ya kuninyima.

Tatu hakuningoja nimalize kuwaza. Pipa la mafuta lilitakiwa kupandishwa kwenye mkokoteni, akanionyesha kwa kidevu upande wa kushika. Nikainama, nikashika, tukalipandisha.