Siku Barnaby Leake Alipogoma Kuinuka

Barnaby Leake, mtoto wa mvuvi wa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, alizaliwa Saltby, kwenye vinamasi vya Lincolnshire. Bungeni hakupelekwa na akili zake. Alipelekwa na Lodi Wexcombe, mwenye mji na mwenye nyumba aliyoishi Barnaby. Miaka yote ya Mfalme Charles hakufungua mdomo mle ndani ila kupiga miayo. Sir Lionel, mtoto wa Lodi na mbunge mwenzake, akiinuka kupiga kura, naye huinuka. Maisha gani hayo! Lakini mke na watoto walikuwa na paa.

Kisha ukaja mswada wa kukausha kinamasi cha Saltby na kumkabidhi Lodi ardhi yote. Watu wangechunga wapi mabata bukini wao? Dada yake Barnaby, mjane, alikula kwa hao bukini tu.

Spika alipouliza, kelele za ndiyo na za siyo zikalingana. Ikabidi wagawanyike kwa desturi yao: wanaoutaka mswada watoke nje wakahesabiwe, wasioutaka wabaki kwenye mabenchi.

Sir Lionel akasimama. "Twende, Leake."

"Miguu imekufa ganzi, bwana mkubwa."

"Nikubebe?" Wenzake wakaangua kicheko. Sir Lionel akainama, akamshika koti. "We mla mikunga, nyumba unayolala ni ya nani?"

"Ya baba yako."

"Basi inuka!"

Barnaby aliogopa, tena sana, sitampamba. Jasho lilimtiririka kwenye baridi ya Februari. Akalishika benchi kwa mikono miwili. Bawabu akapaza sauti kwamba anafunga mlango, na Sir Lionel akaliachia koti, akatoka mbio asije akahesabiwa na wasioutaka.

Mswada ukaanguka kwa kura moja.

Habari zilimtangulia nyumbani Saltby. Alikuta magodoro yake uani yananyeshewa, na watumishi wa Lodi wanatia kufuli mlangoni. Mkewe, Tamsin, alikuwa amesimama na watoto, mikono kiunoni.

"Umesema nini huko, baba watoto, hata tunatupwa nje kama mbwa?"

"Sijasema kitu. Nilikaa tu."

Tamsin akashusha mikono.

"Miaka yote naambiwa nimeolewa na gogo," alisema, machozi yakimtoka. "Kumbe gogo nalo lina siku yake ya kukataa kubebwa. Haya, shika upande wa pili wa godoro hili. Twende kwa wifi."