Utenzi wa Bi Radhiya na Kibao cha Hoteli

Mimi darasa la saba sikumaliza, lakini Mji Mkongwe mzima hakuna wa kunifunza mambo ya tenzi. Basi nisikilizeni, wapwa zangu, na mkiniona nafoka mjue nna haki.

Dada yangu Bi Radhiya kashona kofia za viua miaka hamsini. Kalamu hajui kuishika. Lakini mumewe alipompa talaka alitunga utenzi wa beti sitini, sindano mkononi, anautoa ubeti baada ya ubeti bila ya kuinua macho, na jirani yetu, marehemu Suud, akiandika kwa khati yake nzuri. Nilikuwepo! Mwisho wa daftari Suud akatia jina lake, kama ilivyo ada ya mwandikaji: nimeandika kwa mkono wangu mimi Suud, niombeeni dua. Mkono, jamani, si kichwa.

Sasa nyumba ya Suud imekuwa hoteli. Wenye hoteli wakaliokota daftari, wakasoma mstari wa mwisho tu, wavivu wale, wakapigilia kibao cha shaba mlangoni: "Hapa aliishi mshairi Suud." Kila asubuhi Ammar, kijana anayetembeza wageni, huwasimamisha hapo akawahadithia. Na utenzi wenyewe unalia kuachwa na mume! Hilo halimshughulishi. Eti washairi wa kale wakijitia uanamke. Mpumbavu mkubwa.

Jumanne Bi Radhiya akavaa buibui, tukaenda.

"Shikamoo, bibi," Ammar akasema.

"Marahaba. Utenzi huo nimetunga mimi."

"Ushahidi, bibi? Jina lililoandikwa ni la Suud."

"Na talaka yangu kaandika kadhi. Kwa hiyo kadhi ndiye aliyeachwa?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Ammar hakucheka. Akasema, "Basi tusomee kidogo, bibi, wageni wakupige picha."

Picha! Kama paka wa Forodhani!

"Ng'oa kibao kwanza," dada akamwambia.

Ammar akaingia kwa meneja, akarudi na jawabu: kibao kimeshazoeleka, wageni wanakipenda. Bi Radhiya akarudi nyumbani, na tangu siku ile hatoi tena ubeti, hata kwangu mimi.

Basi mimi ndo nnasema. Kila asubuhi nakaa barazani pa hoteli, Ammar akifungua kinywa tu nami napaza: "Mwongo! Mwenyewe yu hai, nyumba ya tatu kushoto!" Jana wametishia kuniitia askari. Na wawaite. Wageni wawili walishageuka, wakanifuata mimi.